Tumwandalie Nani Somo?

Ni desturi yetu kuandika andalio la somo kwa ajili ya "darasa". Lakini darasa halisikii wala haliulizi. Asikiaye na aulizaye ni mtoto mmoja mmoja. Mwaka 1999 Alan Cooper, mbunifu wa programu za kompyuta wa Marekani, alieleza kitabuni mbinu ya kubuni mtumiaji mmoja mwenye jina, kazi na haja zake, ili programu isitengenezwe kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Twaona mbinu hiyo yatufaa walimu.

Tuchukue Tunduma, mpakani mwa Zambia. Kabla ya somo la fedha, mwalimu na abuni watoto wawili. Wa kwanza huuza nyanya sokoni na mamaye. Hubadili kwacha kuwa shilingi kichwani, ila hawezi kuandika hatua za hesabu. Wa pili amehamia kutoka kijiji cha Momba. Nyumbani husema Kinyamwanga, na neno "salio" ni geni kwake. Mmoja ahitaji kuongozwa kuandika, mwingine ahitaji sarafu za kushika na maneno mepesi. Andalio lisilowajua litawaacha wote wawili kimya.

Hata hivyo, watoto hao wasizuliwe. Watokane na kutazama, kusahihisha madaftari na kuzungumza na wazazi. La sivyo tutambuni mtoto "mzito", kisha tumtafute darasani hadi tumpate.

Basi, walimu wenzetu, kabla ya kuandika lengo la somo, tuandike kwanza ni la nani.