Jicho Kwanza, Mwili Baadaye: Kamera ya Mwanafasihi Nyanjani

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Picha safi ya mtambaji aliyeinua mkono katikati ya kisa, huku nyuso za hadhira zikimkodolea macho, haikujileta yenyewe. Imeundwa na mtu aliyejua anataka nini na akabeba chombo kilichomfaa. Wanafunzi wengi wa fasihi simulizi katika vyuo vyetu wamekwisha kulitambua hilo, na sasa wanaziweka kando simu na kamera ndogo za mfukoni ili wajipatie kamera ya dijitali ya SLR. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Kinachonitia wasiwasi ni namna inavyochukuliwa. Mnunuzi hufika dukani na swali moja tu: ni kamera gani mpya zaidi ambayo mfuko wangu unaimudu? Fedha zote huishia hapo, na mtafiti huenda nyanjani na mwili mpya wenye jicho hafifu na usio na masikio.

Msimamo wa makala hii ni kwamba mwanafasihi anayeanza na asitumie fedha nyingi kwa mwili wa kamera. Anunue mwili wa mtumba ulio mzima, kisha kiasi kinachosalia akielekeze kwenye lenzi, sauti na stendi. Sababu zangu zinatokana na kazi yetu yenyewe.

Kwanza, tuelewane kuhusu chombo. Kamera ya SLR ina kioo ndani yake. Mwanga unaoingia kupitia lenzi huakisiwa na kioo hicho hadi kwenye tundu la kuchungulia, hivyo mpiga picha huona kile kile ambacho lenzi inakiona. Anapobonyeza, kioo huinuka, shata hufunguka, na mwanga hukifikia kihisi. Sifa kuu ya kamera hii ni kwamba lenzi yake hutolewa na nyingine ikawekwa. Mtu anayenunua kamera ya namna hiyo kisha akaishi na lenzi moja dhaifu ni kama aliyenunua kabati la vitabu akaweka kitabu kimoja.

Wakati nao unatuunga mkono. Mwaka 2003 kampuni ya Canon ilitoa EOS 300D, na kwa mara ya kwanza kamera ya aina hii ikauzwa chini ya dola 1,000 za Marekani. Nikon ilifuata mwaka 2004 na D70. Tangu 2018, kampuni hizo mbili zimeelekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, na wapiga picha wengi wa kulipwa wamezifuata. Wanapohama, huuza walivyokuwa navyo. Ndiyo maana soko la mtumba limejaa miili mizuri ya SLR pamoja na lenzi zake. Wanaotuambia kwamba tunanunua teknolojia inayopitwa wanasema kweli, lakini kweli hiyo ndiyo inayotushushia bei. Isitoshe, lenzi za EF za Canon hutumika kwenye kamera mpya za kampuni hiyo kwa kutumia kiunganishi. Anayenunua lenzi nzuri leo hapotezi mtaji wake kesho.

Sasa tuje kwenye kiini. Swali la kwanza halistahili kuwa "kamera gani?" bali "nakwenda kunasa nini?" Nitatoa mifano mitatu iliyo karibu nasi.

Mfano wa kwanza ni ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma hii ni mwendo mtupu: mabega, miguu na mikono inayopiga ngoma kwa kasi. Ikichezwa mchana, mwanga si tatizo. Tatizo ni kasi. Shata ya 1/500 ya sekunde itagandisha mkono wa mpigaji, na lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, ile inayouzwa pamoja na kamera, itaimudu kazi hiyo bila taabu. Kwa upana wa milimita 18 utawapata wachezaji na hadhira pamoja. Mwanafasihi anajua kwamba hadhira ni sehemu ya matini.

Mfano wa pili ni miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambayo baadhi yake ingali mikononi mwa familia huko Lamu na kwingineko pwani. Hapa hakuna kinachosogea. Lenzi ile ile ya kawaida, ikifungwa kwenye stendi ya miguu mitatu na kuelekezwa chini moja kwa moja, mwanya wake ukiwekwa kwenye f/8 na kamera ikijipiga yenyewe baada ya sekunde mbili, itatoa picha ambayo kila nukta ya herufi inasomeka. Fleshi isitumike, mwanga wa dirisha usio wa jua kali unatosha, kwa sababu shata inaweza kukaa wazi kwa muda mrefu ilhali stendi haitetemeki. Kwa kazi hii, stendi imara ina thamani kuliko mwili mpya.

Mfano wa tatu ndio mgumu, nao ndio unaotukuta mara nyingi: mtambaji wa hadithi aliyeketi jioni ndani ya nyumba, akimulikwa na taa moja. Hapa lenzi ya kawaida hushindwa. Ikivutwa hadi milimita 55, mwanya wake mpana kabisa ni f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye mwanya wa f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Tafsiri yake ni hii: pale ambapo lenzi ya kwanza inaihitaji shata ikae wazi kwa 1/6 ya sekunde, na mkono wa fanani ukageuka ukungu, lenzi ya pili inahitaji 1/60 tu. Fleshi si jawabu. Humpofusha fanani, humshtua mtoto aliyekuwa akisikiliza, na huua ile hali ya usiku ambayo ni sehemu ya utambaji wenyewe. Mwili mpya wa bei ghali ukiwa na lenzi hafifu hautakusaidia kama mwili wa zamani wenye lenzi hii ndogo, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa katika orodha ya Canon na hata ya Nikon.

Tahadhari mbili zafaa hapa. Miili ya bei ya chini ya Nikon, yaani ile ya D3000 na D5000 na warithi wake, haina mota ya kulenga ndani yake. Ukiifunga lenzi ya zamani ya aina ya AF-D, utalazimika kulenga kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Pili, kwa kuwa vihisi vya miili hii ni vidogo, lenzi ya milimita 50 huona eneo finyu, na katika chumba kidogo utajikuta umeegemea ukuta. Anayetumia Nikon atafaidika zaidi na ile ya milimita 35 yenye f/1.8.

Ama kuhusu megapikseli, ambazo wauzaji huzitaja kwanza, tusihadaike. Picha ya kujaza ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 300 kwa kila inchi inahitaji takriban megapikseli 9. Miili ya mtumba yenye 18 au 24 imejaa sokoni. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni sauti. Fasihi simulizi hutoka kinywani, lakini wengi wetu hununua kamera kana kwamba fanani ni bubu. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera hunasa hata mvumo wa lenzi inapolenga. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tazama ubavuni mwa kamera kama pana tundu la maikrofoni ya nje. Nikon D3300 ya mwaka 2014 inalo. D3400 iliyoifuata mwaka 2016 haina. Canon 600D na 700D zinalo. 1300D na 2000D hazina. Hapo ndipo uhodari wa neno "mpya" unapofikia kikomo. Kumbuka pia kwamba kamera za SLR zilianza kurekodi video mwaka 2008 kwa Nikon D90, kwa hiyo mwili uliotangulia mwaka huo utakupa picha tuli tu. Na hata zinazorekodi, nyingi hukoma zenyewe kabla ya dakika 30 kutimia, nyingine mapema zaidi. Utendi mrefu unaoghanwa hautamsubiri mtafiti abonyeze tena. Kinasa sauti kidogo kinachojitegemea, kikiwekwa karibu na fanani na kuachwa kifanye kazi mfululizo, ndiyo bima yako.

Wapo watakaosema kwamba simu za leo zinatosha. Hoja yao ina uzito. Mchana, kwa umbali wa hatua chache, simu nzuri hutoa picha inayofaa kuchapishwa, na haimwogopeshi mtu. Mwenye simu ya namna hiyo, ambaye utafiti wake ni wa mahojiano ya mchana, asijitwike deni la kamera. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo inayopokea miito na kuhifadhi picha za harusi. Betri yake huisha mchana, na anayesimama mbali na uwanja wa ngoma hulazimika kuikuza picha hadi sura za watu zikavurugika. Aidha, simu huichakata picha kwa kanuni zake yenyewe, ilhali SLR hukupa faili ghafi ambalo unaweza kulirekebisha baadaye bila kuharibu asili yake. Kwa mtafiti wa miswada, hilo si jambo dogo.

Kwa mwenye fedha kidogo, basi, ningependekeza utaratibu huu. Kwanza, mwili wa mtumba wenye tundu la maikrofoni pamoja na lenzi yake ya kawaida. Pili, lenzi moja ya f/1.8. Tatu, kinasa sauti au maikrofoni. Nne, stendi isiyoyumba. Tano, betri ya pili na kadi mbili za kumbukumbu, maana si kila kijiji tutakachofika kina umeme wa kutegemewa. Mfuko wa kifahari, fleshi kubwa na lenzi ndefu ya kupigia simba na ndovu vinaweza kusubiri.

Ukifika dukani, iwe Barabara ya Luthuli jijini Nairobi au kwingineko, usione haya kukagua. Elekeza lenzi kwenye mwanga uchungulie ndani: utando kama wa buibui ni kuvu, ugonjwa unaozipenda lenzi zilizokaa katika unyevu wa pwani. Piga picha ya karatasi nyeupe uone kama ina madoa. Uliza shata imefunguka mara ngapi; miili ya bei ya chini aghalabu hukadiriwa kuhimili takriban mara 100,000. Jaribu kila kitufe. Ukiridhika, kaa na kifaa chako pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu.

Pendekezo langu la mwisho ni kwa vyama vyetu vya Kiswahili. Si lazima kila mwanafunzi awe na kamera yake. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, ni kweli, lakini nguo ya jamaa yote ina utaratibu wake. Chama kinachokusanya ada kinaweza kununua seti moja kama niliyoitaja, kikaweka daftari la kuazimia, na kikamfunza kila mtafiti kabla hajaondoka. Masharti mawili yaambatane na daftari hilo. La kwanza: mtafiti aombe ridhaa ya fanani kabla ya kuinua kamera na amrudishie nakala ya kilichonaswa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inayolinda maarifa asilia na sanaa za jadi inatambua kwamba jamii ndiyo yenye mali hiyo, nasi tusiwe wa kukumbushwa na mahakama. La pili: kila alichonasa kihifadhiwe katika nakala mbili, moja ibaki chamani.

Wazee wanaozibeba nyimbo na visa vyetu hawatangoja tukamilishe mkopo wa kamera mpya ya mwaka huu. Mwili wa kamera utachakaa na kubadilishwa, lakini usiku mmoja wa utambaji ukiisha gizani haurudi. Mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja zaidi mwezi huu, na anunue lenzi.