Umeme wa kijito Gehandu: hesabu ianzie Oktoba

Serikali imekwishatangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na kwamba kazi iliyobaki ni ya vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Kwa mkulima wa Gehandu na sehemu nyingine za Mbulu na Hanang, tofauti kati ya kijiji na kitongoji si ya maneno tu. Nguzo inaweza kuwa imesimama kwenye shule au ofisi ya kijiji, huku mwenye mashine ya kusaga aliye kilomita chache kutoka hapo akiendelea kununua dizeli kwa madumu. Ndiyo maana wazo la kutega maji ya kijito cha mlimani ili kupata umeme linaendelea kuzungumzwa, hata baada ya waya kufika jirani.

Wazo hilo si la kubeza. Huko Matembwe, wilayani Njombe, wanakijiji wamekuwa na mtambo wao wa maji tangu miaka ya 1980, uliojengwa kwa msaada wa Waitaliano wa CEFA. Huko Mufindi, mtambo wa Mwenga wa megawati 4 umekuwa ukiuza umeme TANESCO na kuusambaza vijijini tangu mwaka 2012. Karibu zaidi na nyumbani, mkoani Manyara, mtambo wa Darakuta ulioko Magugu uliunganishwa na gridi ya Taifa ingawa haufikii hata nusu megawati.

Lakini Njombe na Mufindi wana mvua nyingi na mito isiyokauka. Hanang na Mbulu wana msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Mei, kisha kiangazi kirefu. Hapo ndipo mipango mingi ya aina hii huanza vibaya: kijito hutazamwa mwezi Aprili kikiwa kimejaa, michango ikaanza kukusanywa, na ifikapo Oktoba maji yamebaki ya kufika kwenye kifundo cha mguu.

Kupima hakuhitaji mhandisi. Maji yakizibwa na kupitishwa kwenye bomba moja, yakajaza pipa la lita 200 kwa sekunde 10, hizo ni lita 20 kwa sekunde. Mwinuko kati ya banio na mahali mtambo utakapokaa hupimwa kwa mpira wa maji, ule ule wanaotumia mafundi ujenzi. Zidisha lita kwa mita, kisha gawanya kwa 200; jibu ni kilowati, kwa kukisia kuwa karibu nusu ya nguvu itapotea kwenye bomba, mtambo na jenereta.

Tuchukue kijito cha mfano chenye lita hizo 20 mwezi Oktoba na mwinuko wa mita 40. Jibu ni kilowati 4. Aprili, kikiwa na lita 150, jibu ni kilowati 30. Kilowati 4 zinatosha taa na simu za nyumba 100, kila moja ikitumia wati 40. Hazizungushi mashine ya kusaga, ambayo kwa kawaida huhitaji kilowati 11 hivi.

Sasa tuje kwenye fedha. Mwaka 2020 Serikali iliwaagiza wazalishaji wadogo wa vijijini kutoza shilingi 100 kwa uniti, sawa na TANESCO. Tangu hapo ni vigumu kumshawishi mwanakijiji alipe zaidi. Kilowati 4 zikiuzwa zote, usiku na mchana bila kupotea hata uniti moja, ni uniti 96, yaani shilingi 9,600 kwa siku. Fedha hizo hazilipi mwendeshaji na mlinzi, sembuse kurudisha gharama za bomba. Mradi wa taa pekee, kwa maoni yetu, uachwe. Sola za nyumbani zitafanya kazi hiyo kwa fedha kidogo zaidi. Matembwe walipata uhai kwa sababu umeme wao ulikuwa na kazi za mchana, ikiwamo kutotolesha vifaranga.

Je, kijito cha lita 20 kinaweza kusaga? Kinaweza, iwapo kutakuwa na bwawa dogo la kutunza maji ya saa 16 ili yatumike kwa saa 8. Bwawa la mita 24 kwa 24, lenye kina cha mita 2, linatosha. Maji ya siku nzima yakifunguliwa kwa saa 8 ni lita 60 kwa sekunde, na lita 60 ni kilowati 12. Mashine inazunguka.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza, na si ule unaotajwa sana. Watu husema ng'ombe wa chini watakosa maji. Ng'ombe mmoja hunywa lita 40 hivi kwa siku ya kiangazi. Ng'ombe 1,000 ni lita 40,000, ambazo kijito chetu huzitoa kwa dakika 34 tu. Birika la kunyweshea lililounganishwa na bwawa linamaliza suala hilo, mradi lijengwe kabla ya mtambo na si baadaye.

Mshindani halisi ni bustani. Vitunguu swaumu na mboga humwagiliwa katika miezi ile ile ambayo maji ni haba. Kwa makadirio ya kawaida ya mifereji ya udongo, hekta moja hutaka lita moja kwa sekunde. Ekari 25, karibu hekta 10, zilizoko juu ya banio zinachukua nusu ya kijito. Mashine iliyotarajiwa kusaga kwa saa 8 itasaga kwa saa 4 tu, na mwenye mashine atarudi kwenye dizeli.

Bustani hizo hizo zikiwa chini ya mtambo, hakuna kinachopotea. Maji yanazungusha mashine kwanza, kisha yanaingia mferejini, tena mchana, bila mtu kuamka usiku kugeuza maji. Tatizo ni kwamba ardhi ya chini ina wenyewe, na mwenye ekari zake za juu hatakubali kuziacha ili jirani avune.

Kwa upande wa sheria, mzigo si mkubwa. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haidai leseni kwa mtambo ulio chini ya megawati moja, ingawa EWURA lazima ijulishwe. Kibali cha kutumia maji ndicho muhimu; hutolewa chini ya sheria ya mwaka 2009, na kwa wilaya hizi mhusika ni Bodi ya Maji Bonde la Kati, yenye makao yake Singida. Mwenye bustani ya juu naye anastahili kuwa na kibali. Wengi hawana, na jambo hilo huibuka siku ya ugomvi.

Mafundi nao wasisahau tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Nyumba ya mtambo haijengwi ukingoni mwa korongo kwa kuwa tu bomba litakuwa fupi.

Kwa hiyo, kabla ya shilingi ya kwanza kuchangwa, kijiji kinahitaji vipimo vya Septemba na Oktoba, ikiwezekana vya miaka miwili, na kikao ambacho wenye bustani za juu wamekaa pamoja na mwenye mashine. Makubaliano ya nani anachukua maji saa ngapi yaandikwe na kuambatanishwa na maombi ya kibali. Banio lichaguliwe baada ya hapo.