Pampu ni Mamlaka, na Kila Mamlaka Ina Mpaka Wake

Wananchi wenzetu wa Malindi, Magarini, Ganze na Kilifi wamekuwa wakichimba vidimbwi vyao binafsi: huyu kwa samaki, yule kwa sukuma na nyanya, mwingine kwa ng'ombe wake wakati wa kiangazi. Makanisa kadhaa nayo yanafikiria kufanya hivyo katika viwanja vyao. Hili ni jambo la kusifiwa, kwani anayejitafutia riziki kwa jasho lake hana haja ya kupiga magoti mbele ya mgawaji wa chakula cha msaada kila mvua inapokosekana.

Hata hivyo, liko swali moja linaloulizwa dukani ambalo hatuna budi kulikosoa. Mnunuzi akifika huuliza: "Ni pampu gani iliyo na nguvu zaidi?" Muuzaji humwonyesha mashine kubwa ya petroli, fedha hulipwa, na mkataba na kisima huwa umetiwa sahihi bila kisima kuulizwa. Twasema kwamba swali la kwanza lapaswa kuwa hili: chanzo changu chaweza kutoa maji kiasi gani kwa siku bila kumdhulumu mwingine?

Tuanze na hesabu, kwa maana hesabu haina chama. Kidimbwi cha urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kina cha mita 1.5 huchukua lita 450,000, yaani mitungi 22,500 ya lita 20. Katika jua la pwani, tukichukua kwamba milimita 6 za maji hugeuka mvuke kila siku, kidimbwi hicho kitapoteza lita 1,800 kwa siku, ambayo ni mitungi 90, kabla samaki mmoja hajaonja tone. Tuseme kisima kinatoa lita 1,000 kwa saa, nawe unavuta kwa saa 8 kila siku. Ukitoa yale yanayochukuliwa na jua, kidimbwi kitajaa baada ya siku 73 hivi. Mashine ya petroli yenye uwezo wa lita 60,000 kwa saa haitazifupisha siku hizo. Itakikausha kisima kwa dakika chache, kisha itaunguruma ikivuta hewa na matope hadi iharibike.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua pampu, punguza kiu ya kidimbwi. Chimba chenye kina zaidi na uso mdogo, kwa sababu jua hunywa kupitia usoni. Tandika karatasi nzito ya plastiki chini, hasa pale penye mchanga au mwamba wa matumbawe, ambapo maji hupotea kama fedha za umma zisizokaguliwa. Elekeza humo maji ya mvua kutoka paani. Paa la mita 100 za mraba, penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, laweza kukusanya lita zisizozidi 100,000, nazo hazihitaji pampu ya kuzivuta ardhini.

Sasa tuitazame ardhi yenyewe. Karibu na bahari, maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji ya ardhini hufundisha kanuni ya kukadiria: kwa kila mita 1 ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, yapo kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba ukiyashusha maji ya kisima kwa mita 1 na kuyaacha yakae hivyo, chumvi yaweza kupanda kwa mita 40 kutoka chini. Chumvi ikishafika, haiondoki kwa kuzima mashine jioni. Huenda ikangoja misimu mingi ya mvua. Wala haichagui kisima cha mwenye pampu pekee, kwani jirani anayeteka kwa ndoo na kamba huionja vilevile.

Pwani yetu haikosi mashahidi. Huko Gede, mji wa kale uliohamwa katika karne ya 17, wachunguzi wametaja kushuka kwa maji ya visima kuwa miongoni mwa sababu zinazodhaniwa kuwahamisha wenyeji. Huko Magarini, ambako maji ya bahari huvutwa kwa pampu na kujazwa katika mabwawa ya kutengenezea chumvi, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadharani mwaka 2005 na kutoa ripoti mwaka 2006. Miongoni mwa malalamiko ya wakaazi ni kwamba visima vyao vya maji baridi vilikuwa vimegeuka kuwa vya chumvi. Kidimbwi cha samaki si kiwanda cha chumvi. Lakini visima vya watu mia, kila kimoja kikivutwa bila kipimo, vyaweza kufanya yale tuliyozoea kuwalaumu matajiri kwayo.

Basi pampu ichaguliwe vipi? Kwanza, pima kisima wakati wa kiangazi, kati ya Januari na Machi, si baada ya masika ambapo kila kisima hujisifu. Teremsha kamba uone maji yako wapi, yavute kwa saa kadhaa, kisha uhesabu saa yanazochukua kurudi mahali pake. Ukiwa karibu na ufuo, kumbuka kwamba maji ya kisima huweza kupanda na kushuka pamoja na kujaa na kupwa kwa bahari, hivyo linganisha vipimo vya hali moja ya bahari. Pampu unayoitafuta ni ile inayovuta pungufu ya kile ambacho kisima chaweza kurudisha.

Pili, tazama kina. Pampu inayokaa juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, hata ikiwa na nguvu za farasi ishirini, kwa kuwa anayeyasukuma maji juu ni uzito wa hewa, na hewa ina kikomo chake. Kisima kirefu chahitaji pampu ya kuzamishwa. Anayevuta kutoka Sabaki naye ajue kwamba mto huo hubeba udongo mwingi, na udongo hula mapanga ya pampu. Afadhali achimbe kisima cha mchanga kandoni ili mchanga umchujie.

Tatu, fikiria nani atalipa kila mwezi na nani atatengeneza. Mitambo ya Baricho, inayopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa, imewahi kusimama zaidi ya mara moja kwa sababu umeme ulikatwa kutokana na madeni. Ikiwa mitambo ya umma huweza kushindwa na gharama, je, kamati ya kanisa yenye sadaka za Jumapili? Pampu ya sola huondoa gharama hiyo, lakini ina hatari yake iliyojificha: petroli humzuia mwenye tamaa kwa bei yake, ilhali jua halimzuii mtu. Anayenunua sola na anunue pia kifaa cha kuizima pampu maji yanaposhuka chini ya alama aliyoiweka. Na tusiidharau pampu ya mkono. Katika miaka ya 1980, jirani zetu wa Kwale walishiriki katika kuijaribu na kuiboresha pampu ya Afridev, iliyoundwa ili wanakijiji wenyewe, wanawake wakiwemo, waweze kuifungua na kuitengeneza. Haitajaza kidimbwi kikubwa, lakini yafaa isimame kando ya kisima hichohicho kwa ajili ya majirani.

Wapo watakaotujibu: "Shamba ni langu, kisima nimechimba mimi, pampu nimelipa mimi." Hoja hii ina uzito, kwa sababu wengi wa Pwani wamenyang'anywa ardhi mara nyingi mno kiasi cha kuogopa kila anayezungumza juu ya mali ya wote. Lakini Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema kwamba rasilimali za maji zimewekwa mikononi mwa serikali ya taifa kwa amana ya watu wa Kenya, na matumizi ya nyumbani hutangulia matumizi mengine. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Mtu anayetaka kuvuta maji mengi kwa mashine aulize mapema kuhusu kibali katika ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ajiunge na jumuiya ya watumiaji maji ya eneo lake. Pasipo na jumuiya, majirani na waianzishe.

Tulipodai vyama vingi, tulidai kwamba hakuna mwenye nguvu apasaye kujipimia mwenyewe. Kanuni hiyo haikomei Nairobi wala Mombasa. Mwenye kidimbwi na awaite majirani wanaoteka karibu naye, awaonyeshe kipimo cha kisima chake, wakubaliane saa za kuvuta na alama ya kusimama, na waandike makubaliano hayo. Maji yakianza kubadilika ladha, pampu izimwe siku hiyohiyo, bila kungoja mkutano wa chifu. Anayefanya hivyo atakuwa na samaki wake, na jirani atakuwa na chai isiyo na chumvi.