Mwaliko usiosomeka kwa macho

Si zamani sana nilikuwa nimesimama kwenye lango la taasisi moja ya elimu mjini Garissa, ambayo sina haja ya kuitaja, siku ya hafla ya kuwatuza wanafunzi. Mama mmoja aliyekuwa safarini tangu jana yake kutoka Hulugho alifika mbele ya mlinzi, kitambulisho mkono mmoja na mkono wa pili ile simu ndogo iitwayo kabambe. Mlinzi akamtaka aonyeshe mraba. Mraba gani? Mwaliko wake ulikuwa umetumwa kama picha kwa simu ya mpwa wake aliyeko Eastleigh, na mpwa huyo ndiye aliyemjazia fomu. Picha ilipopatikana hatimaye kwa simu ya mgeni mwingine, mtambo ulitoa jina Xaliimo. Kitambulisho kilisema Halima. Mama akaambiwa asubiri kando, naye akasubiri chini ya mwarobaini hadi bintiye alipokwisha kuitwa jukwaani na kushuka.

Simlaumu mlinzi. Mkazi wa Garissa hawezi kuufanyia mzaha ukaguzi wa langoni, maadamu tungali tunakumbuka tarehe 2 Aprili 2015, siku ambayo watu 148, wengi mno wao wakiwa wanafunzi, waliuawa katika chuo kikuu cha mji huu. Ninalouliza ni hili: je, ule mraba wa madoa meusi na meupe, ambao shule na vyuo vyetu sasa vinaupachika kwenye kila kadi ya hafla, unafanya kazi tuliyoudhania unafanya?

Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 na mhandisi Masahiro Hara wa kampuni ya Denso nchini Japani. Haja yake ilikuwa kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Misimbo ya mistari iliyotangulia ilibeba herufi 20 hivi tu. Mraba huu waweza kubeba tarakimu 7,089. Vile visanduku vitatu vya pembeni huuonyesha mtambo upande wa kuanzia kusoma, na mraba ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha kujirekebisha husomeka hata asilimia 30 ya madoa yake ikiharibika. Kampuni hiyo haikudai malipo kwa matumizi yake, na ndiyo sababu umeenea hadi kwenye stakabadhi za ushuru na, mwaka 2021, kwenye vyeti vyetu vya chanjo ya Uviko.

Kwa mwanaisimu, hata hivyo, mraba huu ni kiroja. Ni maandishi ambayo hakuna binadamu ayasomaye. Mfugaji akifika katika soko la mifugo la Garissa huutambua ngamia kwa chapa iliyo shingoni au pajani mwake, na chapa hiyo humwambia ni wa ukoo gani hata kama mfugaji mwenyewe hakukanyaga darasani. Ishara ile ni ya watu kwa watu. Mraba ni wa mtambo kwa mtambo, nasi tumeutwika mwaliko, jambo ambalo tangu hapo ni tendo la kauli. Kisomali huita mwaliko wa karamu martiqaad: marti ni mgeni, na qaad ni kuchukua. Mtu haalikwi akaachwa ajitafutie njia; huchukuliwa.

Tena mraba haumtambui mtu. Ndani yake mna maandishi tu, aghalabu nambari au anwani ya mtandao, na picha yake yaweza kutumiwa watu kumi kwa dakika moja. Atakayetangulia langoni ndiye atakayekubaliwa, na mwenye haki akifika wa pili ataonekana tapeli. Majina nayo ni mtihani wa peke yake. Tangu mwaka 1972 Kisomali huandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, ambamo sauti ya Kiarabu ya ḥ huandikwa x na ile ya ain huandikwa c. Kwa hiyo Hassan ni Xasan, Abdi ni Cabdi, Mohamed ni Maxamed. Vitambulisho vya Kenya hufuata tahajia ya Kiingereza. Vijana wanapoandikiana kwa simu hufuata ya Kisomali. Mwalimu yeyote wa hapa ajua kwamba ni mtu yule yule. Mtambo haujui, nasi tumemkataza mlinzi kutumia ujuzi wake.

Hapa Kaskazini Mashariki jambo hili lina uzito usiopatikana kwingineko. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya wa asili ya Kisomali na kuwapa kadi za rangi ya waridi wazibebe kuthibitisha kuwa ni raia. Ni Februari 2025 tu, mjini Wajir, ambapo Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa kaunti za mpakani. Mama aliyekuwa msichana mwaka ule wa 1989 akiambiwa tena langoni kwamba karatasi yake haitoshi, hasikii habari za teknolojia. Anasikia sauti anayoijua.

Sisemi tuutupe mraba. Unarahisisha kuhesabu wageni na kufupisha foleni. Nasema uandikwe pamoja na maneno. Chini yake ipigwe chapa nambari ya mgeni kwa tarakimu zinazosomeka, ili asiye na simu ya kisasa aitaje kwa mdomo, au aipokee kwa ujumbe mfupi. Orodha ya wageni iwekwe katika simu ya mlinzi mapema, na nyingine ichapishwe, kwani mtandao hapotei siku ya kawaida. Hupotea siku ya hafla. Mahali, saa na tarehe viandikwe kwa Kiswahili na Kisomali, visifichwe ndani ya madoa. Wachapaji hutumia kipimo cha moja kwa kumi: mraba wa sentimita 3 husomeka kutoka sentimita 30, na bango la kusomwa kutoka mita 3 lahitaji mraba wa sentimita 30. Karatasi inayong'aa isitumike katika jua letu. Tena zipo tovuti zinazotengeneza msimbo bure kwa kuupitisha katika anwani zao. Muda wa majaribio ukiisha, kadi 500 zilizokwisha kuchapishwa haziendi popote.

Na zile fomu! Nimeona moja iliyodai nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na majina ya watoto wote, ili mzazi aje kutazama ngonjera na kula pilau. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa zikusanywe kwa kadiri ya haja tu. Septemba 2023 shule moja nchini ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Walimu wakuu wajiulize orodha zao hukaa wapi baada ya viti kukusanywa.

Muhula huu wanafunzi wangu wa isimu waliandaa kongamano dogo la tafsiri, nami nikawaachia kadi waitunge wenyewe. Walibishana siku mbili kuhusu tahajia ya majina, kisha wakaamua kila mgeni aulizwe ajiandikavyo. Kadi ikawa na mistari miwili ya Kiswahili, miwili ya Kisomali, nambari ya tarakimu tatu, na mraba pembeni. Mmoja aliuliza kama mraba bado una kazi. Tuliuacha, kwa sababu mpishi alitaka kujua idadi ya sahani kabla ya saa sita.