Kolajeni ya Mkebe na Mkono wa Anko

Wasee, wacha niseme ukweli: mwezi uliopita nilikuwa karibu kuwauzia uongo.

Jamaa fulani alinitumia mkebe wa unga wa kolajeni. Kazi ilikuwa rahisi. Nichanganye kijiko kimoja kwa chai, ninywe, nijipapase mashavu, halafu niseme ngozi imerudi kama ya mtoto. Pesa yenyewe ingelipa rent ya miezi miwili. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo usidhani hiyo ni ofa ya kuchezea.

Nilishuti video nikiwa nyumbani, Sachangwan. Jirani yetu, namuita Anko, alikuwa amekaa kwa benchi akiniangalia. Nilipomaliza akauliza: "Hiyo inatengeneza ngozi? Inaweza kunisaidia huu mkono?"

Nikakosa jibu.

Kama hupajui, Sachangwan iko kwa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ukishapita Salgaa. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka hapa. Watu wakaja na mitungi kuteka mafuta, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wengine hawakutambulika, wakazikwa pamoja hapa hapa. Mimi nilikuwa mtoto. Anko alitoka hai, lakini kiwiko chake cha kulia hakijawahi kunyooka tena. Huvaa mikono mirefu hata jua likiwaka vipi.

Swali lake lilinifanya nisome ile kitu nilikuwa nauza. Ikawa hivi.

Mwili umeshikiliwa na nyuzi ndogo ndogo zilizo ndani ya tishu unganishi. Kuna za kolajeni, ngumu, zinazozuia ngozi na kano zisikatike. Kuna za elastini, zinazovutika kama raba kisha zinarudi. Na kuna za retikula, nyembamba, zinazofuma wavu wa kushikilia viungo laini kama ini na wengu. Kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi zaidi mwilini. Umewahi kuona supu ya miguu ya ng'ombe ikipoa inaganda kama jeli? Hiyo ni kolajeni iliyochemshwa.

Kwa ngozi nzima, nyuzi za kolajeni zimepishana kila upande, kama kiondo kilichofumwa vizuri. Moto ukiingia ndani sana, kile kiondo kinaharibika. Mwili unakimbia kuziba: unamwaga kolajeni kwa mafungu mazito, yamelala upande mmoja, na elastini hairudi vile ilikuwa. Halafu seli za kidonda zinavuta zile nyuzi zikaze. Kama kidonda kiko kwa kiungo, na mtu anakaa amekunja mkono kwa sababu kunyoosha kunauma, kovu linakomaa likiwa limeukunja. Hii kazi inaendelea mwaka mzima au zaidi, ngozi ikiwa imeshafunga na wageni wameacha kuja kukuona.

Kwa hivyo Anko hana upungufu wa kolajeni. Anayo nyingi kupita kiasi, imejipanga vibaya. Na mimi nilitaka kumuuzia ingine.

Na ile ya mkebe je? Ukiimeza, tumbo linaivunja vipande vipande kama maharagwe, na mwili ndio unaamua vipande viende wapi. Ziko tafiti zilizoona mabadiliko kidogo ya ngozi, lakini nyingi zimelipiwa na wauzaji wenyewe. Ile ya kupaka ni kubwa mno, haipiti ngozi. Kitu mwili unahitaji kweli kutengeneza kolajeni yake ni protini na vitamini C, na hizo ziko kwa mayai, ndengu, machungwa na sukuma wiki.

Maoni yangu ni haya. Sisi wenye simu na wafuasi tumefanya kolajeni iwe stori ya mashavu, na tunaishi kando ya barabara ambapo kolajeni ni stori ya mtu kushindwa kuinua kikombe. Tunajua bei ya mkebe, lakini hatujui kitu cha kumfanyia mtoto akimwagikiwa na chai.

Basi shika hii: maji safi baridi ya kutiririka, dakika 20. Toa pete na saa mapema. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta. Kisha hospitali. Na kidonda kikifunga, usiseme yameisha. Uliza mazoezi ya viungo na kifaa cha kushikilia mkono ukiwa umenyooka, maana hapo ndipo mkono unaokolewa au unapotea.

Video nimefuta, mkebe nimerudisha. Rent bado inanisumbua, sitadanganya.

Anko nilimjibu jioni ile. Nikamwambia unga hautamsaidia, lakini daktari wa upasuaji anaweza kukata kovu, aweke kipande cha ngozi, halafu mazoezi yafuate, hata baada ya miaka mingi. Haitarudi kama zamani, ila inaweza kunyooka zaidi ya ilivyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mbona hakuna mtu alikuwa ameniambia?"

Sasa wewe nimekuambia. Kuna mtu mtaani kwenu anavaa mikono mirefu kwa jua. Mwambie.