Kipofu Aliyepewa Nafasi ya Kusema



Huenda jana jioni uliketi sebuleni na familia yako mkatazama tamthilia. Hadithi unaijua: tajiri mwenye roho mbaya anapofuka, au mke mwenye wivu anazaa mtoto mwenye ulemavu, na majirani wananong'ona kuwa ni malipo ya dhambi. Sehemu ya mwisho anaombewa, anapona, raha inarudi nyumbani. Watoto wako wako hapo mkekani. Hakuna aliyewahubiria, lakini wamefundishwa.

Fundisho hilo Yesu alilikataa. Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Bwana akajibu kuwa si yeye wala wao. Soma sura nzima utaona jambo jingine: mtu yule anazungumza kwa kirefu, anabishana na Mafarisayo, hata kuwakejeli kidogo. Kwenye tamthilia zetu angepewa sentensi moja tu ya kushukuru.

Nasi wa kanisa tuna vipindi vyetu vya runinga. Kamera inayatafuta magongo yaliyotupwa jukwaani. Sikatai kwamba Mungu huponya, naamini hivyo. Nauliza habari za yule aliyerudi nyumbani na magongo yake. Huyo haonyeshwi, na wakati mwingine huambiwa imani yake ni haba.

Tanzania tunajua uongo juu ya mwili wa mtu unaweza kufika wapi. Watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Lakini mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Mtoto anayemwona mtu kama huyo akichangia hoja bungeni hahitaji maelezo marefu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, unataka vyombo vya habari vihimizwe kuwaonyesha watu hawa kwa heshima.

Mama mmoja wa usharika wetu, mwalimu wa hisabati, hutumia kiti cha magurudumu. Siku moja alikuwa kituoni akisubiri gari, madaftari ya wanafunzi mapajani, mtu akapita akamwekea shilingi mia mbili juu ya madaftari. Nilicheka, naye akacheka, kisha akanyamaza.

"Mchungaji," akasema, "wananijua kutoka kwenye taarifa ya habari."

Ni kweli. Huko mtu mwenye ulemavu huonekana akikabidhiwa baiskeli ya magurudumu matatu na mheshimiwa, au akilia kuomba msaada. Bei ya unga ikipanda, nani humfuata kumuuliza maoni yake?

Nikamuuliza angependa kuona nini. Alijibu upesi, kana kwamba alishalifikiria siku nyingi: mama aliye kwenye kiti cha magurudumu, anayegombana na mumewe juu ya ada ya shule, na tamthilia inapokwisha bado yuko kwenye kiti chake.