GEJI IDANGANYE, DEREVA ALIPE?



Twasikia tena wakubwa wakisema madereva wa malori ya gengi ni wezi wa mafuta. Ushahidi wao ni nini? Ni geji! Lori kuukuu, mshale wasema nusu, kumbe tangi ni kavu. Lori lazimika porini na watu wa gengi wamo nyuma, hewa imeingia katika mabomba ya dizeli, na dereva akirudi akatwa mshahara.

Je, geji ni malaika? Ndani ya tangi mna boya juu ya mkono wa chuma. Mafuta yakishuka boya hushuka, na waya hupeleka habari kwa mshale. Boya likitoboka huzama, mshale husema hakuna kitu. Mkono ukikwama, mshale husimama pale pale hata mafuta yaishe. Waya ukishika kutu, husema upendavyo.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyopotea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi! Boya kutoboka ni makusudi ya nani?

Sisi twataka geji zitengenezwe. Mpaka hapo, kila asubuhi tangi lipimwe kwa ufito wenye alama za lita, mbele ya dereva na karani, wote wawili watie sahihi. Madereva, msiwashe lori bila sahihi hiyo. Na ninyi mliokwisha kukatwa, leteni karatasi zenu za mshahara kwa mwakilishi wa chama kabla ya mwisho wa mwezi.